Jinsi ya Kufuatilia Mabadiliko ya Usafirishaji wa Mizigo Ndani ya Nchi

Anayetaka kujua kama mizigo ya nchi fulani imehama kutoka reli kwenda barabarani aanze kwa kuchagua kipimo, kwa kuwa kipimo kisichofaa huharibu kazi yote inayofuata. Tani peke yake hazitoshi. Malori yakibeba tani 100 za kokoto kwa umbali wa kilomita 20, yamefanya kazi ya tani-kilomita 2,000, yaani tani mara kilomita. Treni ikibeba tani 100 kwa kilomita 500, imefanya kazi ya tani-kilomita 50,000. Jedwali la tani litaonyesha kwamba zimelingana, ilhali treni imefanya kazi mara 25 zaidi. Tafuta kwanza tani-kilomita, kisha uzigawanye kwa tani ili upate wastani wa umbali wa kila mzigo.

Hatua ya pili ni kusoma maelezo yaliyo chini ya jedwali, ambayo wengi huyaruka. Angalia kama mabomba ya mafuta, meli za mwambao na magari madogo ya mizigo yamehesabiwa, na kama mipaka ya nchi ni ileile kwa miaka yote. Takwimu za Ujerumani za kabla ya kuungana mwaka 1990, kwa mfano, haziwezi kuunganishwa kwa mstari mmoja na za baadaye.

Ukishachora chati, weka kiasi halisi kando ya asilimia. Reli inaweza kubeba mizigo mingi zaidi kuliko zamani na bado fungu lake likapungua, kwa sababu tu malori yameongezeka kwa kasi kubwa zaidi.

Sehemu inayohitaji subira ni kutafuta sababu, na hapa naona kosa kubwa ni kudhani kwamba kila mzigo uliotoweka relini umechukuliwa na lori. Nchini Uingereza, makaa ya mawe yalikuwa shehena kuu ya treni kwa vizazi vingi. Mitambo ya umeme iliyoyatumia ilipoendelea kufungwa, wa mwisho ukiwa mwaka 2024, shehena hiyo haikuhamia popote, bali ilikoma. Kwa hiyo changanua takwimu kwa aina ya bidhaa kabla ya kulaumu barabara. Sheria nazo zipangwe kwa miaka yake: Marekani ilipitisha sheria ya mtandao wa barabara kuu mwaka 1956, na mwaka 1980 ikalegeza udhibiti wa reli na wa malori kwa pamoja, hivyo haifai kulihusisha badiliko la baada ya hapo na upande mmoja tu.

Mwisho, shughulikia kontena kwa uangalifu. Tangu meli Ideal X ilipobeba makontena 58 kutoka Newark hadi Houston mwaka 1956, mzigo mmoja umeweza kupita melini, relini na barabarani bila kufunguliwa, na kila chombo cha usafiri huuhesabu upya. Ukijumlisha tani za vyombo vyote, utauhesabu mzigo huo mara tatu; tani-kilomita zake, kwa kuwa kila chombo huandika kipande chake cha safari, zinaweza kujumlishwa.