Kuingia Sokoni kwa Wakati Wake: Mwongozo kwa Mfanyabiashara wa Sarafu za Kigeni Aliyeko Dar es Salaam

Hakuna hasara inayouma kama ya mtu aliyeuona mwelekeo wa bei sawasawa, akaingia mapema, bei ikarudi kidogo ikagusa kikomo chake cha hasara (bei ambayo ikifikiwa biashara hufungwa yenyewe ili hasara isizidi), kisha ikaelekea kule kule alikotarajia. Kosa hilo hupungua sana ukiamua mambo matatu kabla ya kufungua oda, yaani agizo la kununua au kuuza: saa utakayofanya biashara, eneo la bei unalolisubiri, na mshumaa (alama kwenye chati inayoonyesha mwendo wa bei kwa kipindi fulani) utakaokuthibitishia kwamba bei imelikubali eneo hilo.

Anza na saa. Saa za Tanzania hazibadiliki mwaka mzima, ilhali za London na New York husogezwa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, soko la London huchangamka saa nne asubuhi kwa saa zetu. Miezi iliyobaki ni saa tano. New York huingia saa tisa alasiri, au saa kumi jioni baada ya Wamarekani kurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, kuna wiki mbili au tatu mwezi huo ambazo ratiba uliyoizoea haifai, na ni vyema uziandike ukutani. Angalia pia saa iliyo kwenye chati yako, kwani mara nyingi ni ya seva ya broka, yaani kampuni inayokuunganisha na soko. Kwa euro dhidi ya dola, mimi husubiri saa ambazo masoko hayo mawili yako wazi pamoja, kwa sababu wanunuzi na wauzaji ni wengi na spredi, yaani tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza, huwa ndogo.

Usiingie dakika chache kabla ya takwimu za ajira za Marekani, ambazo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri au saa kumi na nusu jioni kulingana na majira yao. Spredi hutanuka ghafla, na kikomo chako huweza kuguswa hata kama uliona vyema.

Sasa eneo na mshumaa. Tuchukue mfano wa kufikirika: kwenye chati ambayo kila mshumaa ni wa muda wa saa nne, umeona kwamba euro imegeukia juu mara kadhaa karibu na 1.0850, yaani dola 1.0850 kwa euro moja. Bei inashuka hadi 1.0832, na mkono unawasha kununua. Subiri. Fungua chati ya dakika 15 na ungoje mshumaa ufungwe juu ya eneo lile, tuseme 1.0857; ndipo ununue kwa 1.0858, kikomo cha hasara kikae 1.0826, na lengo liwe 1.0922. Unahatarisha pipsi 32 (pipsi moja ni 0.0001 ya bei) ili upate 64. Kwa akaunti ya dola 500 na hatari ya asilimia 1, loti 0.01 (loti ni kipimo cha ukubwa wa biashara; hapa kila pipsi ni dola 0.10) itakugharimu dola 3.20 ukikosea, chini ya dola 5 ulizojiruhusu. Lakini ukichelewa ukanunua kwa 1.0880, kikomo kile kile kinakuwa pipsi 54, yaani dola 5.40, na faida inayobaki ni pipsi 42 tu. Biashara hiyo iache ipite, hata kama bei itafika lengo bila wewe.

Neno “ufungwe” lina uzito wake. Niliwahi kununua kwa simu nikiwa nimesimama ndani ya daladala ya Mbezi, kwenye foleni ya Ubungo, nikiutegemea mshumaa mzuri uliobakiza dakika saba. Ulipofungwa ulikuwa umegeuka kabisa, nami nilikuwa tayari ndani. Tangu siku hiyo sifungui oda njiani. Kama nitakuwa barabarani, naweka mapema oda ya kusubiri, inayofunguka yenyewe bei ikifika niliyoitaja, pamoja na kikomo chake, au naiacha siku hiyo.

Mwisho, weka daftari. Kwa kila biashara andika saa ya kuingia, bei, na umbali ambao bei ilikwenda kinyume nawe kabla ya kugeuka. Zikifika biashara 30, zitazame zile zilizofaulu: kama nyingi zilirudi pipsi 15 au zaidi kwanza, unaingia mapema, na mshumaa wa dakika 15 ubadilishe uwe wa dakika 30 kwa biashara 30 zinazofuata, kwenye akaunti ya majaribio.