Namna ya Kuongoza Mjadala wa Wasomaji Kitabu Kipya cha Vampaya Kinapotoka

Mfululizo wa riwaya za vampaya, yaani wanyonya damu wa hadithi, ukishafikia kitabu cha nane au cha tisa, wasomaji wake huwa wa aina nyingi. Yupo aliyeuanza akiwa kidato cha pili na sasa ana watoto shuleni, yupo aliyeingilia katikati kwa kuazima kitabu cha nne, na hakosekani ambaye hajasoma hata kimoja ila ametazama filamu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyepewa kazi ya kuongoza kikao cha wasomaji wa namna hiyo hapa Moshi, ambaye angependa maoni yatakayotolewa yakihusu kitabu kipya kweli.

Kazi ya kwanza hufanyika kabla nakala haijafika, na kwa maoni yangu ndiyo inayobeba zote zinazofuata: kuandika sheria za ulimwengu wa hadithi hiyo. Tafuteni daftari la kawaida la mistari, mgawane vitabu vilivyotangulia, na kila mmoja aandike, pamoja na namba ya ukurasa, ni kitu gani humuua mnyonya damu katika mfululizo huo, binadamu hugeuzwaje kuwa mmoja wao, damu ya wanyama inawatosha au haiwatoshi, kama huonekana kwenye kioo, kama ni lazima wakaribishwe ndipo waingie nyumbani kwa mtu, na kama umri huwaongezea nguvu. Inafanana na kazi ya karani, lakini malalamiko mengi dhidi ya kitabu kipya hutoka kwa msomaji aliyebeba sheria za hadithi nyingine. Wengi huamini kwamba tangu zamani jua humteketeza kila vampaya, ilhali katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 vampaya wake, Dracula, hutembea London mchana, akiwa amepungukiwa na uwezo wake tu. Kuangamizwa na mwanga wa jua kulikuja kupata umaarufu kutokana na filamu ya Kijerumani ya Nosferatu ya mwaka 1922. Katika riwaya za Stephenie Meyer, mwandishi wa Twilight, ngozi zao humetameta juani, na katika zile za Anne Rice, mwandishi mwingine wa Marekani, jua huwaua wachanga, lakini baadhi ya wale wa kale huungua kisha wakapona. Kwa hiyo anayelalamika kwamba mwandishi amekosea kumtoa mhusika nje saa sita mchana afunguliwe daftari na asomewe ukurasa. Ikionekana kwamba sheria imevunjwa kweli na kitabu kipya hakikutoa sababu yoyote, lalamiko hilo limesimama na liandikwe hivyo hivyo.

Suala la nakala ni fupi. Kitabu kikifika stendi kwa kifurushi cha basi kutoka Nairobi au Dar es Salaam, mara nyingi huwa ni kimoja, na wanaokisubiri ni zaidi ya kumi. Pangeni zamu mapema, mkianza na walio na muda mchache, kama wauguzi wanaoingia zamu za usiku, na kila atakayekipokea aweke vipande vya karatasi kwenye kurasa anazotaka kuzizungumzia badala ya kupiga mistari, kwa sababu mstari wa mtu mmoja huwaongoza wote wanaomfuata. Kikao cha kwanza kiishie theluthi ya kwanza ya kitabu, hata kama wengine wamekimaliza. Anayejua mwisho asiharibu uhondo wa wenzake, na kule kutabasamu kwa kujua nako kukatazwe.

Katika kikao chenyewe, msikubali maoni ya neno moja. Msomaji akisema kitabu kimemchosha, mwongozaji amuulize kwa upole, "Dada, kimeanza kukuchosha wapi?" Jibu huja lenyewe: "Tangu walipoanzisha lile baraza lao, mwalimu. Kurasa arobaini wanabishana nani awe mkuu, na hakuna hata aliyeng'atwa." Hapo tayari kuna hoja, na mwandishi wa kumbukumbu anaweza kuiandika kwa utulivu kwamba sehemu ya kati imepoteza kasi kwa sababu hatari, ambayo katika vitabu vya mwanzo ilikuwapo karibu kila sura, imeacha nafasi yake kwa siasa za wanyonya damu wenyewe. Mfululizo mrefu huelekea huko mara nyingi: wahusika huzidi, wote hawafi, na mwandishi hulazimika kuwatafutia serikali.

Wazee wa kikundi wataleta habari za mumiani, na wasikatizwe. Fununu hizo zilienea Afrika Mashariki enzi za ukoloni, zikidai kwamba watu hukamatwa na kunyonywa damu, na mara nyingi waliotajwa walikuwa wazimamoto na wengine waliofanya kazi chini ya serikali. Mnyonya damu wa fununu hizo alikuwa mtu wa mshahara mwenye gari la kazini. Wa riwaya za Ulaya na Marekani aghalabu ni tajiri mwenye kasri na mapenzi yasiyokwisha. Mzee aliyelelewa kwa habari za namna ya kwanza anaposema kwamba haoni uzuri wowote kwa kijana wa karne mbili anayemvizia binti wa shule, anatoa hoja ya haki kuhusu kitabu, na vijana wapewe nafasi ya kumjibu wakiwa na kurasa mkononi.

Hasira dhidi ya mwandishi ndiyo inayohitaji mkono imara. Mwandishi Charlaine Harris alipohitimisha mfululizo wake wa vitabu 13 vya vampaya mwaka 2013, baada ya miaka 12, wasomaji wengine walikasirika kwa sababu ya mwanamume ambaye shujaa wake wa kike alibaki naye, nami sitamtaja kwa ajili ya wale ambao hawajafika huko. Anne Rice, kitabu chake cha mwaka 2003 kiliposhambuliwa na wasomaji, aliwajibu mwaka uliofuata kwa waraka mrefu wa kukitetea, kisha mfululizo ukakaa kimya hadi mwaka 2014. Mifano hiyo miwili itumieni kuwauliza wenye hasira swali moja: je, mwandishi ameandika vibaya, au ameandika vizuri jambo ambalo hamkulitaka? Majibu yaandikwe kwenye kurasa tofauti, kwa kuwa yakichanganywa hayamsaidii anayetaka kuamua kama akinunue.

Kila msomaji aandike maoni mara mbili, siku anapokimaliza na tena mwezi mmoja baadaye, bila kuangalia aliyoyaandika mwanzo. Mwongozaji abandike yote mawili kwenye ukurasa mmoja, tarehe zikiwa juu, na asimruhusu mtu kuyafuta ya kwanza hata akiyaonea aibu.