Zabibu za mvinyo Dodoma: anza na tarehe ya kupogolea

Kwenye nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani ukalala miezi kadhaa. Dodoma haulali. Ndiyo maana wakulima wa Hombolo, Mpunguzi, Bihawana na Chinangali huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, kwenye Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mwenye mkasi ndiye anayepanga: ukipogolea leo, hesabu takriban miezi minne hadi mavuno, kutegemea aina ya zabibu.

Zabibu za Machi hukomaa mvua ikinyesha. Tunda hufyonza maji, sukari hupungua, na kuoza huanzia katikati ya kichala ambako hukuoni. Za Agosti hukomaa anga ikiwa kavu, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi katika nyanda hizi zenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, kwa hiyo uchachu haupotei tundani. Kwa mvinyo, elekeza mbolea na nguvu zako kwenye mavuno haya ya pili.

Usipogolee shamba zima siku moja. Ligawe vipande, upishanishe wiki moja au mbili, na zungumza na mnunuzi kabla ya kukata, si vichala vikiwa vimeiva. Zabibu haingoji bei. Kwenye kila tawi lililokomaa acha macho mawili au matatu, yaani sehemu zitakazochipua. Ukiacha mengi utapata vichala vingi visivyo na utamu.

Wengi hunyonyoa majani kupita kiasi. Punguza upande wa asubuhi ili hewa ipite, lakini upande wa magharibi yaache yakinge vichala, maana jua la alasiri huvibabua. Salfa ya kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, ipigwe asubuhi na mapema au jioni. Kwenye joto kali huunguza majani. Fuata siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kifungashio.

Tunda likianza kubadilika rangi, punguza maji bila kuyakata kabisa.

Rangi peke yake isikuharakishe kuvuna. Chuma punje kwenye mashina mbalimbali, za juani na za kivulini, upime sukari: mvinyo mkavu huhitaji kama asilimia 20 hadi 24. Mbegu nazo ziwe za kahawia. Vuna alfajiri, tumia kreti zisizo na kina badala ya viroba, na zabibu zifike kiwandani siku hiyohiyo, kwani zilizopondeka huanza kuchacha njiani.