Kuipigia Hodi Programu Inayofanya Kazi

Baada ya Maulidi, duka letu la picha hapa Mkomani, Lamu, hujaa kadi za kamera. Skripti (faili ya amri) ya Bash, programu ya Linux inayotekeleza amri, hunakili picha kwenye diski ya akiba, na kila baada ya dakika kumi mtu anauliza, "Zimefika ngapi?" Kijana wetu alikuwa akijibu kwa kuikatisha kwa Ctrl+C, anahesabu faili, kisha anaanza upya. Ishara za Linux zilitumalizia tabu hiyo.

Ishara ni hodi, si barua. Mchakato, yaani programu inayofanya kazi, unajua umegongewa na ni hodi ya aina gani, basi.

1. Andika nakili.sh

```
#!/bin/bash
n=0
echo $$ > ~/nakili.pid
trap 'echo "Zimefika $n" >> ~/nakili.log' USR1
trap 'rm ~/nakili.pid; exit 0' TERM
for f in ~/kadi/*; do
  cp "$f" /mnt/akiba/
  n=$((n+1))
done
rm ~/nakili.pid
```

`$$` ni namba ya mchakato wenyewe. `trap` huiambia Bash ifanye nini hodi ikija: USR1 ni ishara ya kutumia utakavyo, TERM ni ya kuuomba mchakato usimame. Kwenye `trap` tumia alama moja za kunukuu, kama hapo juu. Ukiweka mbili, `$n` itasomwa mapema na jibu litakuwa sifuri siku zote. Mimi nililitafuta kosa hilo jioni nzima.

2. Iendeshe, kisha gonga

```
bash nakili.sh &
kill -USR1 $(cat ~/nakili.pid)
tail -1 ~/nakili.log
```

Jina `kill` linatisha bure. Kazi yake ni kutuma ishara yoyote. `kill -l` itakuonyesha zote.

Jibu linaweza kuchelewa. Bash husubiri `cp` imalize faili iliyo mkononi ndipo ishughulikie `trap`, nasi tunapenda hivyo: hata TERM haikati picha katikati. Ctrl+C ni habari nyingine, kwani kwenye terminali huipiga na `cp` pia. KILL, namba 9, haipigi hodi kabisa. Inavunja mlango, na hakuna `trap` ya kuizuia. Anza na TERM.

3. Usihesabu hodi

Tuma USR1 mara tatu wakati video kubwa inanakiliwa. Utapata mstari mmoja tu. Ishara za kawaida hazipangi foleni: kernel (kiini cha Linux) huweka alama kwamba USR1 inasubiri, na ya pili ikija inakuta alama ipo tayari. Kwa hiyo usibuni mpango ambapo hodi mbili zina maana tofauti na moja. Ukitaka kupeleka maneno, mathalani jina la mteja, tumia bomba la `mkfifo`, faili ambayo programu moja huandika na nyingine husoma. Zipo pia ishara za wakati halisi, ambazo hupanga foleni na kubeba namba kwa `sigqueue`, ila hapo umeshaingia kwenye lugha ya C.

4. Hakikisha mlango ni wenyewe

Usiku mmoja umeme ulikatika. Asubuhi `nakili.pid` ilikuwepo, namba ya zamani ndani. Nikatuma USR1, na programu ya kuchapisha ikazimika. Ilikuwa imepewa namba ileile, na mchakato usio na `trap` ya USR1 hufa ukiipokea. Tangu hapo natanguliza:

```
ps -p $(cat ~/nakili.pid) -o args
```

Nisipoona `nakili.sh`, nafuta faili ya namba kwanza.