Jinsi ya Kuchanganua Ubaguzi katika Hadithi Fupi

Anayeanza Uchanganuzi Hakiki wa Usemi, yaani kuchunguza jinsi lugha inavyobeba mamlaka na ubaguzi, kwa kusaka matusi huambulia patupu. Ubaguzi mwingi wa kwenye hadithi fupi hauna tusi hata moja. Umejificha katika majina, vitenzi na upatanisho wa kisarufi.

Soma hadithi mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili chora jedwali la safu nne: mhusika anaitwaje, anatenda au anatendwa, anazungumza mara ngapi, na sauti ni ya nani, msimulizi au mhusika mwingine. Hesabu kwelikweli, usikadirie.

Tuchukue mfano wa kubuni, nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa: “Bi Zuhura akaagiza kahawa. Kijitu kile kiliondolewa barazani kabla wageni hawajafika.” Mwenye nyumba ana jina, ana “Bi” ya heshima, na anatenda. Hamali, huyo “kijitu”, hana jina, ametiwa ngeli ya KI-VI, ya vitu, hadi kwenye kitenzi, na aliyemwondoa hajulikani kwa kuwa kauli ya kutendwa imemficha. Hapa wengi huteleza: “kipofu” na “kiziwi” pia huanza na ki-, ila husemwa “kipofu amefika”, upatanisho wa mtu. Ukikuta “kipofu kimefika”, hapo mwandishi amechagua, nawe andika.

Kosa baya zaidi ni kumbebesha msimulizi maneno ya mhusika. Mhusika mbaguzi haifanyi hadithi yenyewe kuwa ya kibaguzi. Angalia kama msimulizi anairudia lugha ileile nje ya alama za kunukuu, na kama kuna tukio lolote linaloipinga.

Mwanaisimu Norman Fairclough, katika maelezo yake ya 1989, aligawa kazi hii hatua tatu: kuieleza matini, kufasiri inavyozalishwa na kupokewa, kisha kuihusisha na jamii. Hatua ya tatu ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa sentensi za jumla kama “hii ni athari ya ukoloni”. Leta historia mahususi. Mhusika wa Likoni, Mombasa, akiitwa “skwota”, yaani anayekaa kwenye ardhi asiyo na hati yake, taja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ya utawala wa kikoloni wa Waingereza: wenye kudai ardhi ya pwani walitakiwa kuwasilisha madai, na isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wenyeji wengi wakabaki bila hati. Kisha rudi kwenye jedwali uone: msimulizi anamtaja aliyechukua shamba, au anasema tu “lilichukuliwa”?