Somo: Namna protoni yenye kasi inavyonyakua elektroni ya atomu

Protoni, yaani kiini cha haidrojeni chenye chaji chanya, inayopita karibu na atomu huweza kuondoka na elektroni ya atomu ile, ikatokea upande wa pili ikiwa atomu kamili ya haidrojeni, isiyo na chaji. Wengi hueleza jambo hili kwa neno moja tu, kwamba chaji chanya huvuta chaji hasi. Maelezo hayo hayatoshi protoni inapokuwa na kasi kubwa, na hapo ndipo penye utamu wa somo lenyewe. Aliyewahi kudandia daladala iliyokwisha kuondoka anajua kwamba kushika bomba la mlango si kazi. Kazi ni kukimbia hadi mwendo wako ulingane na wa gari, vinginevyo mkono hubanduka. Elektroni nayo iko hivyo. Andaa karatasi, kalamu na kipimapembe.

Hatua ya 1: Tafuta kasi ya protoni. Anza na protoni yenye nishati ya kiloelektronivolti 25 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya chembe, na kilo ni elfu moja), ambayo hukimbia karibu kilomita 2,190 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya kawaida ya elektroni ndani ya atomu ya haidrojeni, takriban sehemu moja ya 137 ya kasi ya mwanga. Kwa kuwa kasi hufuata kipeuo cha pili cha nishati, protoni ya kiloelektronivolti 2,500, yenye nishati mara 100, ina kasi mara 10 tu.

Hatua ya 2: Tafuta nishati ambayo elektroni itahitaji ili iende sambamba na protoni. Protoni ina tungamo mara 1,836 ya elektroni, kwa hiyo gawanya nishati ya protoni kwa 1,836. Kwa kiloelektronivolti 25 utapata elektronivolti 13.6, kiasi kilekile kinachohitajika kuing'oa elektroni kutoka katika atomu ya haidrojeni. Kwa kiloelektronivolti 5,420 utapata karibu elektronivolti 2,950, ilhali elektroni ya heliamu hung'olewa kwa 24.6 tu. Kuing'oa, basi, ni rahisi mno. Kuikimbiza ndiko kugumu.

Hatua ya 3: Pima njia ya moja kwa moja. Katika njia hii, iliyokokotolewa na wanafizikia Oppenheimer mwaka 1928 na kisha Brinkman na Kramers mwaka 1930, elektroni huchukuliwa kwa mkupuo mmoja, kwa bahati ya kukutwa tayari ina mwendo unaohitajika ndani ya atomu yake. Bahati hiyo hupungua upesi ajabu: kasi ikiwa kubwa sana, kuizidisha mara 2 huugawanya uwezekano kwa 4,096, yaani 2 iliyozidishwa yenyewe mara 12.

Hatua ya 4: Chora njia ya migongano miwili. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, nayo ilitolewa na Llewellyn Thomas mwaka 1927 kwa fizikia ya kawaida, isiyo ya kwanta. Chukulia kwamba elektroni imetulia. Protoni ikija kwa kasi v na kuipiga, elektroni huruka kwa pembe fulani kutoka katika njia ya protoni, kwa kasi inayopatikana kwa kuzidisha 2v kwa kosaini ya pembe hiyo. Tunataka kasi iwe v kamili. Kosaini basi ni nusu, na pembe ni digrii 60. Sasa elektroni ina kasi sahihi lakini inaelekea pembeni. Ikikigonga kiini cha atomu yake, ambacho ni kizito na hakiipunguzii mwendo kwa kiasi cha kujali, huweza kugeuzwa digrii 60 nyingine na kuelekea kulekule inakokwenda protoni. Hapo zinakwenda bega kwa bega, na mvutano sasa unatosha kuziunganisha.

Hatua ya 5: Kokotoa alama iachwayo. Elektroni iliporuka pembeni, protoni ilisukumwa upande wa pili. Gawanya sini ya digrii 60, ambayo ni 0.866, kwa 1,836. Utapata pembe ya miliradiani 0.47 (miliradiani ni sehemu ya elfu ya radiani), bila kujali kasi ya protoni. Kwa umbali wa mita 10, huo ni mchepuko wa milimita 4.7. Mwaka 1983 Horsdal-Pedersen, Cocke na Stöckli walipitisha protoni za kiloelektronivolti 2,820, 5,420 na 7,400 katika heliamu, wakahesabu atomu za haidrojeni zilizotoka katika kila pembe, na kilele kikaonekana palepale karibu na 0.47.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, elektroni ndani ya atomu haitulii hata kidogo. Je, hatua ya 4 haijengwi juu ya uongo?

Jibu: Ni ukadiriaji, ndugu yangu, na umeuliza mahali panapostahili. Protoni ya kiloelektronivolti 5,420 ina kasi karibu mara 15 ya ile ya hatua ya 1, wakati elektroni ya heliamu haifikii hata mara 2. Mwendo wake wa asili hukipanua kilele, lakini haukiondoi.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Njia ya migongano miwili inaonekana ngumu zaidi. Inawezaje kuishinda ya moja kwa moja?

Jibu: Marahaba. Kwa kasi za wastani haiishindi. Lakini uwezekano wake hupungua kwa kipeo cha 11 badala ya 12, kwa hiyo kasi ikizidi kupanda, ile ya moja kwa moja huchoka kwanza.

Swali: Kuna mahali ambapo upungufu huu unawasumbua wahandisi?

Jibu: Upo ITER, mtambo wa majaribio wa kuunganisha viini vya atomu unaojengwa kusini mwa Ufaransa. Ili kupasha joto gesi iliyofungwa kwa sumaku, miale huingizwa ikiwa atomu zisizo na chaji, kwa sababu sumaku ingezichepusha ioni, yaani atomu zenye chaji. Miale hiyo imepangiwa kiloelektronivolti 1,000 kwa kila atomu ya dyuteri (haidrojeni nzito), kasi ambayo ioni chanya hunyakua elektroni kwa nadra mno. Ndiyo maana wanaanza na ioni hasi, zenye elektroni moja ya ziada, kisha huzipitisha katika gesi ili ziipoteze.