Kutoa vekta za namba kamili kwa mpangilio bila kuruka hata moja

Tuseme una buku unataka kuichenji kwa sarafu za 500, 200, 100 na 50, na unataka njia zote. Kila njia ni vekta ya namba nne, mfano (1, 2, 0, 2) yaani jero moja, mia mbili mbili, mia hamna, hamsini mbili. Wengi wanaandika lupu nne moja ndani ya nyingine, sawa inafanya kazi, ila siku sarafu zikiwa saba unaanza kuandika upya, ni usumbufu tu.

Bora ufanye kama mita ya kilomita kwenye gari: ongeza namba ya mwisho kulia, ikifika kikomo irudishe sifuri alafu sogea kushoto uongeze jirani yake. Kwa buku vikomo ni 2, 5, 10 na 20. Kwenye Python:

```
def vekta(kikomo):
    v = [0] * len(kikomo)
    while True:
        yield tuple(v)
        i = len(v) - 1
        while i >= 0 and v[i] == kikomo[i]:
            v[i] = 0
            i -= 1
        if i < 0:
            return
        v[i] += 1
```

Hiyo `tuple(v)` usiiguse. Ukitoa `v` yenyewe alafu ukakusanya majibu kwenye listi, utakuta yote ni sifuri tupu, maana ni listi ile ile moja umeitaja mara nyingi na mwisho wa kazi imerudi sifuri.

Sasa endesha `vekta([2, 5, 10, 20])`, zinatoka vekta 4158, chuja zile ambazo pesa yake ni 1000 kamili unabaki na 49. Kazi nyingi ya bure hiyo. Ukishachagua za 500, 200 na 100, za hamsini hazina uchaguzi, zinajaza kilichobaki, kwa hiyo zungusha namba tatu tu, ni vekta 198, kilichobaki kikiwa hasi unairuka, kikiwa sifuri au zaidi unagawa kwa 50 basi. Mimi huwa naangalia hili kwanza kabla ya kulaumu kompyuta kwamba ni slo.

Kama hutaki kuandika mwenyewe, `itertools.product` inatoa kwa mpangilio huo huo, mpe tu `range` ya kila nafasi. Ila usimpe kitu kisicho na mwisho kama `count()`, atajaribu kukisoma chote kwanza na memori itaisha.

Na hapo ndo penye utamu, vikomo visipokuwepo je? Mtindo wa mita unakwama, utapata (0,0), (0,1), (0,2) mpaka kesho, (1,0) huioni ng'o. Dawa ni kwenda kwa jumla: kwanza zenye jumla 0, alafu 1, alafu 2, kila jumla ina vekta zenye idadi yenye mwisho kwa hiyo kila moja itafikiwa tu.

```
def jumla(n, s):
    if n == 1:
        yield (s,)
        return
    for a in range(s + 1):
        for mkia in jumla(n - 1, s - a):
            yield (a,) + mkia
```

`n` ni urefu wa vekta, `s` ndo jumla, unaiita ukiongeza `s` kuanzia 0. Ijaribu kwanza: `jumla(2, 2)` itoe (0,2), (1,1), (2,0), na `jumla(4, 20)` lazima itoe vekta 1771, ikipungua hata moja rudi uangalie hiyo `s + 1`.